Silinda ya Nne na Saa Moja Iliyobaki

Jumanne tulimzika fundi wa malori wa upande wa Tshopo, yule ambaye nusu ya magari yanayokwenda Banalia yamepita mikononi mwake, na mhubiri alidanganya mara mbili kabla udongo haujamwagwa. Alisema marehemu alikuwa mpole. Akaongeza kwamba hakuwahi kumuumiza mtu kwa maneno. Nyuma yangu madereva walikohoa kwa pamoja. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia, mbele ya wateja, kuwa gari langu na makala zangu za gazetini zina ugonjwa mmoja: moshi mwingi, mwendo mdogo. Nilimlilia makaburini, lakini hilo sikumsamehe.

Tulimvumilia kwa sababu hakubahatisha. Siku moja nikiwa nasubiri gari langu gereji kwake, liliingia lori kuukuu la silinda sita, likitetemeka na kutoa moshi mweupe, na nyuma yake toleka, baiskeli ya kubeba abiria, iliyombeba mke wa dereva. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha injekta zote, wa pili pampu ya dizeli, kisha wote wawili wakakubaliana kuwa lori limerogwa. Mama yule hakuamini uchawi. Aliamini kuna mwanamke.

“Camion za benzake zinafika saa tisa, yeye saa kumi na mbili,” alisema huku bado anashuka kwenye baiskeli. “Donc hizi saa tatu anakuwaka wapi? Iko na mwanamuke kule Bengamisa! Kama hapana vile, useme, papa. Nimesha funga mizigo yangu.”

“Mama, miye iko mekanisien, hapana juge wa ndoa,” fundi alijibu. “Ngoja nipime.”

Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alisimama kando kama mshitakiwa. Fundi akawasha injini, akalegeza bomba la dizeli la silinda ya kwanza. Injini ikayumba. Akalikaza, akalegeza la pili, ikayumba tena. La tatu vilevile. Alipofika la nne, injini iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichopungua. “Huyu hatumikake,” alisema. “Anakulaka tu, sawa mudeputé wa bunge.” Akatoa injekta na kufunga kipimo mahali pake: shinikizo la silinda ya nne halikufika hata nusu ya lile la silinda jirani. Akadondosha mafuta kidogo ndani, akapima upya. Mshale wa kipimo haukupanda, kwa hiyo ringi za pistoni zikaachiwa huru, hazina hatia. Mwisho akaipandisha pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, akaingiza upepo wa kujazia matairi.

“Mama, leta sikio huku, kwa bomba ya moshi.”

Mama akainama na kitambaa chake kizuri cha kichwani, akasikiliza. Upepo ulikuwa unatoka huko, fyuuu, bila aibu. Valvu ya kutolea moshi, supapu kwa lugha ya gereji, ilikuwa imeungua ukingo, na lori lilikuwa likipanda vilima vya barabara ya Banalia kwa silinda tano. Mama hakuomba radhi. Alimnunulia mumewe mikate, na mizigo ikafunguliwa.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mama yule tena hapo gereji, amemvuta mume kwa mkono wa shati. Valvu mpya ilikuwa imewekwa, lori linakwenda vizuri, na bado lilifika saa kumi.

“Ulisema iko moteur!”

“Moteur ilikuwa na hatia ya saa mbili,” fundi alisema bila kuinua kichwa. “Hii moja iliyobaki haina supapu. Uulize bwana yako.”

Dereva alimtazama fundi kwa macho ya kusalitiwa. Uongo mdogo tu wa fundi ungemwokoa, na angeulipia kwa furaha. Mwishowe akakiri: Bengamisa, njiani, kuna mama mzee, hana meno, anatwanga lituma ya ndizi ambayo dereva hawezi kuipita bila kusimama. Akaongeza, maskini, kuwa ya nyumbani ni ngumu kidogo. Nadhani mke angependelea kimada. Safari iliyofuata alipanda naye lorini kwenda kuhakikisha. Kwenye matanga alininong’oneza kwamba alikula sahani mbili, na kwamba bila ulimi mbaya wa marehemu angekuwa ameachika kwa ajili ya ndizi.

Mjini kwetu kubahatisha ni kazi yenye heshima. Biashara ikifa, tunamtafuta mchawi. Mtu akipata homa, tunamnunulia dawa ya malaria. Mume akichelewa, hukumu iko tayari. Kupima kunachosha, na jibu huwa halimpendezi yeyote kikamilifu. Fundi alitucheka kwa hilo miaka yote. Kisha binti yake akanieleza kilichomuua: presha ya damu. Aliumwa kichwa miezi kadhaa, akanywa dawa za malaria mara tatu kwa kukisia, akamfukuza muuguzi jirani aliyekuja na kipimo cha presha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu hakuyaficha hata. Aliyatukana tu, yakaendelea.

Nina hasira naye kuliko nilivyotarajia. Alikuwa na akili ya kutosha kuokoa ndoa ya wengine, ila hakuwa na dakika tano za kukaa kwenye kiti na kunyoosha mkono. Jana nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi alinifunga kitambaa mkononi, akajaza upepo, akasoma kipimo, akajaza tena, kisha akaniuliza, “Papa, chumvi unakulaka namna gani?” Nilianza kudanganya, nikajizuia, nikamweleza yote. Wasomaji wangu wenye mvi, nendeni nanyi mkapimwe.