Kukimbia Vita na Nyanya

Sisi wa enzi zile tuliokulia Midia, kule Koboko karibu na mpaka wa Kongo, simu tukiiona mkononi mwa padre tu, hatukujua kuboeka ni nini. Vijana wa leo wanaboeka hata wakiwa wanakula. Sisi tulicheza mpira wa matambara mpaka kucha zikang'oka, tukala ugali wa muhogo na majani ya kunde yenye simsim, na jioni mimi, niliyekuwa nimeanza sekondari, nilikuwa na kazi yangu: kukimbia vita na nyanya.

Vita vyenyewe vilikwisha kabla sijazaliwa. Lakini kichwa cha nyanya kilikuwa kimeanza kupoteza mambo. Kiliyatupa majina yetu sote, kikabakiza zile mbio za kuwakimbia askari kwenda Kongo wakati wa vita. Jua likishuka alifunga sufuria, unga na chumvi kwenye kitenge. "Wewe, askari iko karibu! Beba hii, twende." Tulivuka kijito nyuma ya shamba la muhogo, nikamwambia, "Nyanya, tumefika Kongo." Akapumua. Kisha nikamrudisha nyumbani kwake mwenyewe, naye akamshukuru mama yangu kwa kutupokea: "Watu ya Kongo iko na roho muzuri." Nilimpenda sana kwa hilo.

Wenye akili timamu walijua zaidi, bila shaka. Jirani mlokole aliona pepo. Baba mdogo Aligo, kitinda mimba wa nyanya, alikuja kutoka mjini Arua na shati lililopigwa pasi na kufuli jipya. "Watu nacheka sisi," alisema. "Mama itakaa ndani." Aibu ilimuuma kuliko hali ya mama yake!

Jioni akamfungia nyanya mlango kwa kufuli. Nyanya akaupiga kwa ngumi, akilia kwamba mtoto wake amebaki nje na askari wanakuja. "Aligo! Aligo yangu iko wapi?"

Baba mdogo alisimama pale na ufunguo wake. Alipofungua, nyanya alimtazama usoni. "Wewe mutu mukubwa, umeona mutoto yangu?"

Nilibeba kitenge, tukaenda kijitoni, naye baba mdogo akatufuata na viatu vyake vya kung'aa, akaloa mpaka magotini. Kufuli sikuliona tena.

Siku hizi mzee akipotea njia Koboko, wajukuu wanamrekodi kwanza, wanarusha mtandaoni, wanacheka, halafu ndipo wanamshika mkono, kama bando halijaisha. Wenye uwezo wamejenga mageti Arua. Ukipita kuwasalimia wanakuambia babu yuko salama ndani, ana televisheni yake. Nami namsikia kwa ndani akiita, nawauliza anamwita nani.

Wanatazamana. Hakuna anayejua.