Sarafu zilizorudi Nkwenda ziking'aa

Saa tatu asubuhi, siku ya gulio Nkwenda, wilayani Kyerwa, Mzee Rwegasira anamwaga sarafu tisa mezani kwa Sperancia Anatory, kisha anakaa akisubiri sifa. Ni senti kumi za enzi ya Mwingereza, zenye tundu katikati. Zinang'aa kama sufuria ya harusi.

Sperancia anashika moja kwa ukingo, anaigeuza, anairudisha.

"Shikamoo, mzee. Hizi umezisugua."

"Marahaba. Kwa majivu ya maganda ya ndizi, mwanangu. Nikuletee kitu kichafu, sina adabu?"

Huku Kyerwa jibu hilo linaeleweka. Hata kikombe cha mgeni husuguliwa kwanza. Tatizo ni kwamba wakusanyaji wa sarafu za kale wanautaka ule weusi wa miaka. Ukiuondoa, na bei inaondoka.

Sperancia (43), mkulima wa kahawa anayeuza sarafu kwa simu, hamcheki mzee. Somo hilo yeye alilipata kwa aibu.

Mwaka juzi alimtumia Deodatha, mwalimu mstaafu wa Morogoro, sarafu kumi na mbili za Sh180,000, nazo Sperancia mwenyewe alikuwa amezisugua zikasuguka. Deodatha, anayekusanya sarafu za kale, akaurudisha mzigo. Kama wauzaji wenzake wa mtandaoni, Sperancia alipomrudishia pesa alikata asilimia 15 kama ada ya kurudisha mzigo, yaani Sh27,000.

"Niliona nina haki. Kanuni niliiandika, na yeye aliisoma," anasema.

Deodatha hakugomba. Alituma picha moja iliyokuzwa, michubuko ya majivu imejaa uso wa sarafu, akauliza: "Mama, hapa mwenye kosa ni nani?"

"Mimi sina duka wala kibao, mteja hanioni. Jina likiharibika, nabaki na simu tu," anasema Sperancia.

Kesho yake alirejesha ile Sh27,000, na nauli ya mzigo juu yake. Kisha akaandika kanuni upya: mteja akighairi, anakatwa; kosa likiwa la muuzaji, muuzaji anabeba kila kitu.

Wenzake walimtania kuwa anatoa sadaka. Lakini Deodatha huyo huyo amemletea wateja wanane. Mwandishi wa makala haya, aliyewahi kukatwa ada kwa kurudisha viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, anatamani wauzaji wengine waje Nkwenda kusoma.

Sasa Sperancia anataka kabati la vioo, watu wa Karagwe na Kyerwa wazione sarafu za babu zao kabla hazijasafiri. "Mwakani hauishi kabla halijasimama. Fundi nimeshaongea naye," anasema.

Akishaelezwa kwa nini zimepoteza bei, Mzee Rwegasira anazifunga sarafu zake polepole. Mara anashtuka, anatoa simu.

"Avelina! Acha hayo majivu!" anampigia kelele mkewe, aliyemwacha nyumbani akisugua kopo zima la sarafu nyingine. Anasikiliza. "Anasema zimebaki kumi na moja hazijasuguliwa."

"Hizo ni zangu," anasema Sperancia, tayari akimwita bodaboda. "Zije na uchafu wake."