Hakuna Anayekalia Kiti Chake

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitapata visingizio. Sahihi iliyokaribia kuimaliza Siku ya Viti hapa mtaani Ziwani, Nairobi, ilikuwa yangu. Mimi, Phares Obonyo, katibu wa chama cha wakaaji, mtu mzima mwenye miwani, nilitia sahihi karatasi nisiyoisoma kwa sababu nilipewa fulana. Na fulana yenyewe ilinibana tumbo. Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni Kathini, fundi wa viti, na haya ninayoandika ni shukrani zangu kwake.

Kathini ana miaka sitini na mmoja. Kila asubuhi utamkuta nje ya lango la mtaa wetu, amekaa juu ya gunia, mguu wa kiti cha mtu mapajani na kisu kidogo mkononi. Ni mzaliwa wa Wamunyu, huko Ukambani. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, akamfundisha binti yake kuchonga ingawa wanaume wenzake walimcheka. Hana maneno mengi. Ukimpelekea kiti ulichokivunja kwa uzito wako, atakutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, basi, nawe utaondoka ukijua unapaswa kupunguza chapati.

Siku ya Viti yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajafunga safari za ushago, kwao kijijini, kwa ajili ya Krismasi. Kila nyumba hutoa kiti kimoja na kukiweka barabarani, na sheria ni moja tu: hakuna anayekalia kiti chake. Unakaa kwenye kiti cha jirani, au cha mtu usiyemjua, na nyumba yenye kiti inakulisha. Ukishashiba unatoa ulicho nacho, wimbo, densi, kichekesho, hata kumsema mheshimiwa wetu akiwa amekaa hapo hapo anatafuna. Hakuna jukwaa wala ratiba. Mwaka mmoja mwalimu mkuu mstaafu alicheza na jogoo kichwani, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka tisa. Siku ya Viti ya mwaka huo msichana mmoja aliingia mtaani na furushi, akiwa na karatasi iliyoandikwa nambari ya nyumba ya kaka yake, Kiema. Nyumba aliiona, lakini waliokuwa ndani walikuwa watu wengine. Kiema alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Msichana alizunguka tangu asubuhi akiulizia, huku akifukuzwa kwenye milango kama mwizi wa kuku, kwenye mitaa ya jirani isiyokuwa na desturi yetu. Aliporudi Ziwani alikuwa hoi. Akaona kiti kitupu mbele ya nyumba yetu, akakaa. Hakujua lolote kuhusu sikukuu. Miguu ilikuwa imemshinda, ndiyo hadithi yote.

Mama yangu alitoka na sahani ya ugali na samaki mzima. Kathini, maana ndiye msichana huyo, hakuwa amewahi kula samaki maishani, na alimla kwa woga, akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga pembeni. Alipomaliza, baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na mpenda ngoma, akamwambia sasa ni zamu yake kuimba. Msichana akaanza kulia.

"Basi," mama akamwambia, "utaimba mwakani."

Kathini amenisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara hutua hapo. Alikuwa na siku moja tu Nairobi, na tayari mwanamke asiyemjua alikuwa amemhesabu miongoni mwa watu watakaokuwapo mwaka ujao. Alijifuta machozi, akatoa kisu kwenye furushi, akakipindua kile kiti na kuchonga kabari ya mti kwa ajili ya mguu uliokuwa ukiyumba. Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Alikaa kwetu wiki tatu, mpaka Kiema akapatikana mtaa wa Baba Dogo, na kufikia wakati huo majirani walikuwa wanapanga foleni na viti vyao vibovu.

Sasa njoo Septemba ya mwaka jana. Kijana mtanashati aitwaye Griffins, wa kampuni ya kuandaa tamasha, alinitembelea na tabasamu la dukani. Alisema Siku ya Viti inastahili kukua. Itahamishiwa kwenye uwanja kule Donholm, utazungushiwa mabati, kutakuwa na tiketi, jukwaa, wasanii waliochujwa, na viti vya plastiki vyenye majina ya wageni wa heshima. Sikusikia neno "mabati". Nilisikia neno "kukua", nikajiona nimesimama jukwaani nikipigiwa makofi. Akanipa fulana, nikatia sahihi, nikagonga na muhuri wa chama.

Wiki tatu baadaye mabango yalibandikwa langoni. Kathini alibandua moja, akaja nalo nyumbani kwangu, akaliweka mezani.

"Phares, mgeni asiye na tiketi atakaa wapi?"

Nilianza kubabaika. Hakugombana nami, afadhali angegombana. Alikitazama tu kile kiti cha mwaka wa 1984, ambacho bado ninacho sebuleni, kisha akaenda zake.

Kesho yake nilimfuata langoni, nikamwambia, "Anti, nimekosea." Nilitarajia kuoshwa kwa maneno. Badala yake aliniuliza kama nina kalamu. Nikaandika barua ya kujiondoa, nikaipeleka mwenyewe kwa afisa anayetoa vibali vya shughuli za barabarani, Bi Mbeti. Yeye akanieleza kwamba kampuni ina barua yenye muhuri wetu, na mtu hawezi kubadili nia jinsi anavyobadili soksi. Angekuja Jumatano kwenye ukumbi wa mtaa kuwasikia wakaaji wenyewe. Wasipomridhisha, sikukuu itakwenda Donholm, na barabara yetu haitafungwa tena kwa ajili ya viti.

Ukumbi wetu una benchi nne. Kathini alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waje na viti. Wakaja navyo, vya mbao, vya chuma, hata stuli za jikoni. Na kwa mazoea tu, kila mtu alikiweka kiti chake chini kisha akakaa kwenye cha mwenzake. Griffins alikuwa amemletea Bi Mbeti kiti kizuri kilichobandikwa karatasi ya "Mgeni wa Heshima". Bi Mbeti alipoingia, kiti hicho kilikuwa na mzee Nzomo, dereva mstaafu, aliyekwisha kulala fofofo. Kathini akampa afisa kiti chake mwenyewe, na kabla mama wa watu hajafungua faili, akawekewa chai na mandazi mkononi. Ukicheka utasamehewa, hata yeye alicheka.

Griffins alieleza mpango wake vizuri, lazima nikubali. Kisha Kathini akasimama na kumuuliza lile swali aliloniuliza mimi.

"Mathe, watacheki kwa skrini kubwa hapo nje," kijana akajibu. "Itakuwa poa tu."

Kathini akasimulia habari ya furushi, ya samaki, na ya mama yangu. Hakupamba kitu. Alipokaa, nilijikuta nimesimama.

"Sahihi ni yangu, na kosa ni langu," nikasema. "Sikuwauliza. Naomba mnisamehe."

Mtu mmoja nyuma akauliza fulana iko wapi. Nilistahili hilo na zaidi.

Bi Mbeti akawaomba wanaotaka sikukuu ibaki barabarani wasimame. Ukumbi mzima ulisimama, na mzee Nzomo akaamshwa ili asimame pia. Afisa akaandika: barabara ifungwe saa nne hadi saa kumi na mbili, bila uzio, bila tiketi, na iachwe njia ya ambulensi. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekula, akaimba pambio la watoto wa kanisani. Aliimba vibaya sana, na tulimpigia makofi ya dhati.

Desemba ikafika. Griffins alikuja pia, akabeba viti tangu asubuhi, simnyimi haki yake. Kathini, goti likimsumbua, alikaa kwenye kiti changu, kile kile cha kabari. Hakiyumbi hadi leo. Kama saa tisa hivi, mwanamke kijana mwenye begi kubwa na simu iliyozima aliketi kwenye kiti cha Kathini. Alipoona watu wanamgeukia akaruka juu.

"Pole, nilidhani hakina mwenyewe."

Kathini akainuka na goti lake, akamshika bega, akamketisha. "Kaa. Leo si changu." Akamletea sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwao Ukambani, nayo ikaliwa mpaka ikang'aa. Majirani wakaanza kudai wimbo. Mgeni akaziba uso kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimesimama karibu na trei ya soda. Nilijua kinachokuja, na bado sikuwa tayari.

"Basi," Kathini akamwambia, "utaimba mwakani."

Nikaingia ndani kutafuta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.