Difu Iliyochomelewa

Dismas alianza kwa kuziba pancha pale Nachingwea, akapanda hadi kununua magari mabovu na kuyauza yakitembea. Watu walimwita fundi. Mwenyewe alijiona mfanyabiashara anayejua spana. "Mnunuzi hanunui chuma," alipenda kusema, "ananunua njia anayopita."

Ndivyo alivyomuuzia pikapu Winfrida, mnunuzi wa ufuta wa Ruangwa. Ilikuwa Machi, njia za Mkotokuyana uji mtupu.

"Difu ya kawaida, mama, inaacha kila tairi la nyuma lizunguke kivyake, maana kwenye kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Sasa kwenye tope, lililokosa pa kushika linajizungukia bure, mwenzake amelala. Hii ina loki. Bonyeza swichi, yote mawili yanavuta pamoja. Ukifika pakavu, zima."

Winfrida akabonyeza, taa ikawaka. Pikapu ikachomoka topeni kama mbuzi aliyeona mahindi. Wakakubaliana bei palepale.

Alichokimeza Dismas ni kwamba loki yenyewe ilikufa zamani. Gia ndogo za ndani ya difu zilikatika meno; kutafuta nyingine aliona ni kula faida, akazichomelea zikawa donge moja. Swichi iliwasha taa, basi. Matairi yalifungana masika na kiangazi.

Juni barabara zikakauka, zikawa ngumu kama sakafu. Kwenye kona ya kushukia Mbwemkuru, pikapu ikiwa na magunia, ikagoma kukunja, ikanyoosha hadi mtaroni. Dereva wa Winfrida, Twaha, akavunjika mkono. Wapakiaji wa magunia kule Namungo wakampa Twaha jina: Mzee wa Kunyoosha.

Dismas alipeleka sukari nyumbani kwa mgonjwa. Mke wa Twaha akampokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu. Sukari iliisha, dua ikabaki.

Agosti, asubuhi moja, Winfrida akaleta gari gereji. Twaha alishuka upande wa pili, mkono umeunga kwa kupinda.

"Fundi, nataka neno lako moja mbele yake," Winfrida alisema. "Matairi mapya ya nyuma yameliwa kwa mwezi mmoja. Mtaroni Twaha kaniingizia gari. Yeye anadai usukani unamgomea. Mimi nasema amechoka, nitafute dereva mwingine. Gari lina kosa?"

Neno moja tu, "Halina," na biashara imekwisha. Twaha angerudi kulima kwa mkono ule.

"Mambo ya difu siyajui, kaka Dismas," Twaha alisema. "Wewe unayajua. Ukisema ni mimi, nitakubali."

Dismas alishawahi kubishana na wezi, na walevi, na watu wanaoapa kwa vichwa vya watoto wao. Wote aliwapatia jibu. Hakuna aliyewahi kumwachia yeye aamue.

Akapiga jeki, akainua nyuma yote, akaweka vigogo, gia akaiacha fri, injini isishike matairi.

"Mama, swichi imezimwa, umeona? Zungusha tairi hilo."

Winfrida akazungusha. Upande wa Twaha tairi likafuata, mwelekeo uleule.

"Lingekuwa huru, lingerudi kinyume," Dismas alisema. "Halijawahi kuwa huru. Difu niliichomelea mimi."

"Na ile taa?"

"Taa ni taa tu."

"Ukanibonyezesha kwa kidole changu mwenyewe!"

"Nilikubonyezesha."

"Mwanaume mzima! Na sukari ukapeleka!" Winfrida alijifuta mikono kwenye khanga. "Utaitoa hiyo difu, uweke nzima kwa gharama yako. Kisha utakwenda Namungo, uyaseme haya mbele ya wale wapakiaji. Kwa sauti."

"Nitakwenda." Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuomba apunguziwe.

Twaha alikuwa bado anazungusha tairi kwa mkono mzima, akichungulia lile la pili.

"Kumbe," alisema taratibu. "Tangu Juni kila nikiamka nautukana mkono huu. Nauambia, wewe ndiwe uliyeshindwa."

Dismas akachukua spana, akajilaza chini ya gari. Kutoka kule aliiona miguu ya Twaha tu, imesimama palepale, na boliti ya kwanza ilikuwa ngumu.