Zoezi la Kukaa Chini

Mimi si mwalimu wa shule. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu mwaka nilikuwa nachunga mbuzi. Ninachojua nilifundishwa kambini nilipokuwa askari, na aliyetufundisha alikuwa na sheria moja: mkufunzi ndiye wa mwisho kukaa. Akikaa kabla ya kuruta, si mkufunzi tena. Sheria hiyo nimekuja nayo mpaka Marekani.

Huku niliitwa na binti yangu anayeishi Bowie, ati nije nipumzike. Bowie ni nyumba na nyasi, nyasi na nyumba, na kama huna gari huendi hata kununua chumvi. Nikapumzika mpaka nikaanza kuumwa na kupumzika. Sasa binti yangu ana marafiki wanaouguza wazee majumbani, wanawanyanyua, wanawageuza vitandani, migongo imekwisha. Akaniambia, baba, wafundishe kunyoosha viungo. Ndivyo nilivyopata darasa, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja kule Hyattsville. Walikuja Waislamu kwa Wakristo, Watanzania kwa Wakenya, wanawake tupu, na kila mmoja ananiamkia kabla hajaweka mkoba chini. Kusema kweli utamu wa darasa lile kwangu ulikuwa hizo shikamoo. Nyumbani wajukuu wananisalimu kwa Kiingereza bila kutoa macho kwenye simu.

Lakini habari ninayotaka kusema ni ya mzee wa Kongo.

Aliletwa na binti yake, amevaa suruali ya suti na raba mpya. Binti akaeleza haraka haraka kwamba baba anashinda kwenye kochi, afanye mazoezi, kisha akaondoka kuwahi kazini. Tukabaki tunapimana macho, nani mkubwa, nani amwamkie mwenzake. Yeye ndiye aliyemaliza. Akanipa mkono, akainama kidogo, akasema alifundisha shule kule Uvira miaka mingi, lakini humu ndani mwalimu ni mimi. Nikavimba kichwa. Mtu aliyesoma vile, ananiita mwalimu.

Nikamwuliza kama ni mzima. "Niko bien," akasema. Presha? Hana. Moyo? Moyo uko muzuri. Nikaridhika. Nami nilipaswa kujua, maana sisi watu wa Kiswahili ndivyo tulivyo, mtu ana jino limevimbisha shavu zima, ukimwuliza habari anakwambia nzuri.

Tukanyoosha mikono, tukazungusha mabega, tukafika kwenye kuchuchumaa na kusimama. Kwa kawaida nahesabu mpaka ishirini. Siku hiyo nikatangaza thelathini, na hiyo kumi ya juu, sifichi, ilikuwa ya kumwonyesha yule mzee.

Kwenye kumi na mbili nikaliona jasho lake. Wenzake lilikuwa linawatiririka, lake limesimama usoni, na midomo imepauka. Mkono mmoja ameubana kifuani kama mtu anayeshikilia bahasha isianguke.

Nyuma yake alikuwa dada mmoja Mkenya, nesi wa hospitali. Huyo ndiye mtani wangu, kila Jumamosi ananiambia jeshini nilifukuzwa kwa kula sana. Siku hiyo hakutania.

"Mzee," akaniita kwa sauti ya chini, "huyu hako sawa."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesimamisha darasa zima, mambo yangeisha. Mimi nikamgeukia yeye peke yake, mbele ya wanawake wote wale, nikamwambia, "Mzee wangu, wewe pumzika."

Alinitazama kama nimemvua shati. "Mwalimu akiwa anasimama," akasema, "miye nitaikala namna gani?"

Akachuchumaa tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kumi na tatu.

Mdomo ulikuwa unahesabu wenyewe. Yeye hawezi kukaa kwa sababu mimi nimesimama, na mimi siwezi kukaa kwa sababu mkufunzi hakai. Kumi na nne. Nikawatazama wale wanawake, nikidhani mmoja wao ataacha, tupate pa kuponea. Wapi. Yupo mmoja aliyepasuliwa goti mwaka uliopita, naye anachuchumaa meno ameyauma, kwa sababu mimi mzee wake sijasema basi. Kumi na tano. Mzee wa Kongo akapanda kwa shida, akayumba, akajishika. Nikaona wazi kwamba akishuka tena, huenda asipande.

Nikakaa. Sikusema kumi na sita, nilikaa tu sakafuni, matako pwaa, mkufunzi mzima.

"Sasa ni zoezi la kukaa chini," nikasema. "Wote."

Wakakaa wote. Mzee alishuka wa mwisho, na hakukaa hasa, aliporomoka polepole, mgongo ukafika ukutani. Nesi akamfuata kwa magoti, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, akatazama saa yake, akamwambia mwenzake apige simu ya ambulansi.

Walifika upesi, vijana wawili wenye mabegi. Wakamfunga vipimo, wakamwuliza kama anaumwa. Nesi anatafsiri, mzee anajibu kwa adabu: haumwi, anapumua vizuri, asante, warudi tu. Nesi akambembeleza, akamtisha, akataja moyo. Mzee anatikisa kichwa. Vijana wakasema mtu mwenye akili zake akikataa, wao hawawezi kumbeba kwa nguvu. Mmoja akaanza kutafuta karatasi ya kukataa hospitali, aitie sahihi.

Nikajisogeza pale sakafuni mpaka mabega yetu yakagusana.

"Siku ya kwanza," akaninong'oneza. "Nitaharibu somo yako?"

Nikamwuliza, "Mwanafunzi wako darasani angebana kifua namna hiyo, ungemwambia nini?"

Yule kijana amekwisha kuipata karatasi, anamnyooshea pamoja na kalamu.

"Ningemutuma nyumbani," akasema.

"Na kama angekuficha maumivu?"

Akayafumba macho. Halafu akautoa mkono kifuani, akamwonyesha nesi mahali penyewe kwa kidole. "Inauma," akasema. "Tangu kwa motokari."

Wakambeba.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona hospitali. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, wameuzibua, amelala kwenye mito na nyaya kifuani. Binti yake alikuwepo. Akaniambia baba yake si askari wangu, na kwamba dakika chache zaidi tungekuwa tunaongea msibani. Nilisimama pale nimeshika kofia.

Mzee ndiye aliyeniokoa. Akauliza lile zoezi la kukaa, kambini tulikuwa tunalifanya mpaka hesabu gani.

Nikamtazama binti, nikamtazama yeye. "Halipo," nikasema. "Nililitunga palepale. Tena nilitamani kukaa tangu kumi na moja, magoti yalikuwa yamekufa."

Akaanza kucheka, akijaribu kujizuia, kifua kinaruka. Mashine ikalia. Nesi wa pale akaja mbio akanitoa nje, na binti yake akafunga mlango.