Tangi la Mawese la Simbo

Tangi la mawese la Simbo nililichora mwenyewe, mezani kwangu Katubuka, na nikajivunia kweli. Nilipiga hesabu ya presha inayosukuma kutoka ndani, nikaongeza unene wa bamba kidogo kwa usalama, nikaweka kalamu chini. Mjinga mimi! Nilijua litaoshwa kwa mvuke, maana mawese yakishaganda hayatoki kwa maji baridi. Sikujiuliza mvuke huo ukipoa humo ndani itakuwaje.

Aliyeliosha alikuwa mama mmoja wa makamo, mwangalifu kupita kiasi. Alivyolelewa yeye, chombo kikishaoshwa hufunikwa papo hapo, inzi asije akatua. Basi asubuhi moja alimaliza kupiga mvuke, akakaza mfuniko, akafunga koki zote, akakaa kando yake kupumzika. Manyunyu yakaanza. Mvuke ukapoa ukawa maji kidogo tu, ndani pakabaki patupu, hewa ya nje ikalibonyeza tangi. Nilipofika lilikuwa kama kopo lililokanyagwa. Bomba lililong'oka lilikuwa limemvunja yule mama mkono wa kulia.

Siku ya kikao cha kuchunguza ajali hiyo, mwenye kiwanda alimuuliza mama ni nani aliyemwambia afunge.

"Hakuna, tajiri. Sasa chombo safi unakiachaje wazi?"

Watu wakaguna. Tajiri akanigeukia. "Injinia, huyu kakosea au hakukosea?"

Mchoro nilikuwa nao mkononi. Hapakuwa na tundu la kuingizia hewa popote, kitu ambacho ningekichora kwa dakika moja, na ambacho kingeliokoa tangi hata angefunga kila koki. Wala sikuwa nimemwandikia mtu yeyote kwamba lisifungwe likiwa la moto. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale, na niliogopa kwamba nikiyasema sitapewa kazi tena Kigoma nzima.

"Alifunga mapema mno," nikasema.

Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata alipanda gari kutoka Simbo akanifuata Katubuka, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Umehangaika na lile tangi, mimi nikakuharibia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulikuwa wawili tu, hakuna tajiri wala kikao, na bado nilishindwa kumwambia.

"Yameisha, mama," nikamjibu. "Nimekusamehe."

Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanishukuru.