Shoka Lililokataa Kubaki Gumu

Miaka ile ya tisini nilikuwa na kibanda cha kufulia vyuma mtaa wa Iftin, mjini Garissa. Nilitoka Mwingi na cheti cha chuo cha ufundi na kichwa kilichojaa majivuno. Nilinunua springi zilizovunjika za malori, nikazifua kuwa mashoka, wala si kwa kubahatisha. Chuma kikiwa chekundu kama nyanya iliyoiva nilikitumbukiza kwenye oili chafu ya injini, halafu nikakipasha tena polepole mpaka makali yageuke rangi ya majani makavu. Baada ya hapo tupa ya kunolea iliteleza juu yake bila kukwaruza, ishara kwamba kimekuwa kigumu. Kwa shoka la namna hiyo ningeapa mbele ya kadhi.

Mwaka wa ukame akaja mama mmoja mjane wa Kisomali, mfugaji aliyeishi nje ya mji na mbuzi ishirini na kitu. Nyasi zilikuwa zimekwisha zamani. Mbuzi wake waliishi kwa majani ya migunga, na majani yenyewe yalikuwa juu, mpaka akate matawi. Nikamuuzia shoka nililoliona bora kuliko yote, nikalijaribu kwenye gogo mbele ya macho yake.

Siku kumi baadaye alirudi.

"Kijana, shoka hii inabinda," akasema kwa lafudhi ya kwao, p ikigeuka b na v ikigeuka f. "Nimeboteza mbuzi tatu."

Makali yalikuwa yamejikunja. Nilipopitisha tupa, ilikula kile chuma kama sabuni. Si nililijaribu mwenyewe? Nikalitia moto upya, nikalizima kwenye oili, bila malipo. Akaondoka akiniombea dua. Wiki mbili hazikuisha, akarudi nalo likiwa laini vilevile.

Hapo akili ikaanza kunichezea. Nililaumu springi, nikabadilisha. Nililaumu mkaa, kisha oili, nikaimwaga yote na kutafuta nyingine. Nikadhani labda jua la Garissa linanidanganya rangi ya moto, nikawa nafunga mlango mchana na kufua gizani, nusura nizirai kwa joto. Muuza chai jirani yangu akasema shoka lina jini. Nilimcheka, lakini kabla ya kufunga kibanda nikajikuta, mimi mtu wa kanisani, namuuliza jini hutolewaje.

Alipokuja mara ya tatu nilishindwa kujizuia. "Mama, unakata miti au unakata mawe?"

"Astaghfirullah! Mzee kama mimi nikudanganye kwa sababu ya shoka? Twende uone."

Nikalifanya gumu tena, tukaenda pamoja. Alikata matawi asubuhi nzima na makali hayakutetereka. Mbuzi waliobaki, kama tisa hivi, mbavu nje, waligombania kila jani. Mara mpini ukakatika, kipande kikabaki kimekwama ndani ya tundu la shoka. Yule mama hakusita hata kidogo. Akakichukua kichwa cha shoka, akakilaza kwenye makaa aliyokuwa akichemshia chai ili kile kipande kiungue kitoke.

Nikapiga kelele. Akanitazama kana kwamba nimepagawa.

"Mbini imefunjika. Nitatoa aje? Kila ikifunjika natoa hifi. Mama yangu alitoa hifi hifi, na shoka yake haikuharibika."

Nilimweleza kwamba ugumu niliouweka kwa moto, moto wake wa chai unauondoa. Nikiwa katikati ya maelezo nikaelewa habari ya shoka la mama yake. Lile lilikuwa chuma laini tangu siku ya kwanza. Moto haukuwa na cha kuliibia, na kila asubuhi lilinolewa kwenye jiwe.

"Ukitoa mpini, tumia patasi," nikasema.

"Batasi nitatoa wabi huku? Nitengenezee laini, kama ya mama."

Niliumia. Nilimfulia la nondo ya kawaida, na wakati nalifua niliona haya, kama mtu anayeuza maziwa yaliyotiwa maji. Yote niliyofundishwa yaliniambia kwamba hilo ni shoka baya. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu.

Hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu shoka lile lilimfaa, au ni kwa sababu hakubaki hata mbuzi mmoja wa kukatiwa matawi.